Shaba Inaisha, Hekima Inabaki

Leo fungueni kitabu cha Ayubu, sura ya 28. Ayubu anamtazama mchimbaji akishuka gizani, mbali na nyumba za watu, akitafuta madini. Kisha anauliza: na hekima, inachimbwa wapi?

Twendeni pamoja mpaka Cornwall, kule Uingereza, kwenye nyika ya Bodmin Moor. Ni mahali pa upepo, ukungu na majani mafupi. Pembeni yake kulikuwa mgodi wa shaba wa South Caradon. Anayefika leo anaona kuta za mawe zisizo na paa na vilima vya mawe yaliyotupwa. Ndani ya kuta zile zilikaa mashine za mvuke zilizovuta maji kutoka shimoni.

Shaba ilivumbuliwa pale katika miaka ya 1830, na watu wakakimbilia. Mwaka 1844 reli ikafunguliwa kuteremsha mawe ya shaba. Wanaume walishuka kwa ngazi, mshumaa kwenye kofia. Wanawake na wasichana walibaki juu, wakiponda mawe kwa nyundo. Ninyi wa Kolwezi na Likasi, picha hiyo mnaijua.

Kisha shaba ya nchi zingine ikashusha bei. Miaka ya 1880 mgodi ukafungwa. Jamaa nyingi za Cornwall zilivuka bahari mpaka Australia na Afrika ya Kusini kutafuta migodi mingine. Leo kondoo wanakula majani pale kelele ilipokuwa.

Ndugu zangu, kuchimba si zambi. Mungu mwenyewe aliweka shaba udongoni. Lakini mgodi hauagi mtu siku unapofungwa. Baba, feza ya mwezi huu imekwenda wapi: kwenye pombe ao kwenye masomo ya watoto? Mama, mtoto wa masomo asioshe mawe mtoni saa za masomo. Kijana, shimo lenye ufa usilishuke kwa sababu tu mwenzako alishuka jana akarudi. Mama yako anakungoja wewe, hangoji kilo.

Jibu la Ayubu ni moja: hekima ni kumwogopa Mungu na kuachana na mabaya. Hiyo haingoji bei ya soko, na hakuna anayeweza kuifunga. Tujenge nyumba zetu juu yake wakati shaba ingali inatoka.

Tuombe. Amina.