Kusoma Sheria Tukiwa Nyumbani

(Mazungumzo yaliyotolewa na wanachama watatu katika sherehe ya miaka kumi ya kikundi)



Sisi watatu tunasoma shahada ya kwanza ya sheria kwa njia ya mtandao, huku tukiendelea na biashara zetu na kulea watoto. Kila siku ya kununua hisa mnatuuliza: "Hivi nyie mnasoma wapi, mbona hatuwaoni mkienda shule?" Leo tunajibu, na mwisho tuna ombi.

Chuo chetu ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kiliundwa kwa Sheria ya Bunge Namba 17 ya mwaka 1992 na kikaanza kufundisha mwaka 1994, kwa hiyo si jambo la jana wala si utapeli wa kwenye simu. Wazee wetu wa miaka ya 1970 wanakumbuka elimu kwa njia ya posta: somo lilikuja kwenye bahasha, na majibu yakarudi kwenye bahasha. Siku hizi bahasha imekuwa simu. Masomo tunayasoma mtandaoni, kazi tunazituma huko huko, na mitihani ya mwisho tunaifanya kituoni mbele ya msimamizi.

Wapo wanaosema shahada ya namna hii ni ya daraja la chini. Tuwakumbushe tu kwamba Mzee Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria mwaka 1989 kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, ambacho hufundisha kwa masomo ya mbali. Wakati huo alikuwa bado mfungwa.

Jamani, si kazi nyepesi. Tunaamka saa kumi alfajiri kabla ya kuwasha moto wa vitumbua. Umeme ukikatika tunasomea kwenye simu yenye chaji, wengine wanasikiliza. Bando tunachangiana. Tatizo kubwa ni lugha. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, lakini vitabu vyetu na hukumu nyingi za zamani ni vya Kiingereza. Basi tunagawana: kila mmoja anasoma ukurasa wake, kisha anawaeleza wenzake kwa Kiswahili. Tumegundua kwamba usichoweza kukieleza kwa Kiswahili hujakielewa bado. Bahati nzuri hukumu nyingi za mahakama zetu zinapatikana bure kwenye mtandao wa TanzLII.

Sasa hebu tuwaambie tulichokikuta humo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Swali lilikuwa hili: mama aliyekaa nyumbani akipika, akifua na kulea, je, amechangia mali iliyopatikana katika ndoa? Mahakama ikasema ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa sababu mahakama iliona fedha alizokuwa amepewa na mumewe alizitumia vibaya. Lakini kanuni ilibaki, na ni ya kwetu sote.

Tena, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaja vikundi kama hiki chetu na kuvitaka visajiliwe.

Mnaona, akina mama? Haya yameandikwa miaka mingi. Lakini ni wangapi kati yetu wameondoka kwenye nyumba zao na mfuko mmoja wa nguo wakidhani hawana chao? Sheria isiyosomwa na mtu wa karibu nawe ni kama dawa iliyofungiwa kabatini. Ipo, ila haikuponyi.

Lakini tusidanganyane. Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Baada yake kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na mafunzo yake ni ya mwaka mmoja. Kwa hiyo msituletee kesi leo tukawasimamie mahakamani. Tunachoweza leo ni kukaa na mwenzetu, kusoma naye barua aliyopokea, na kumwambia aende ofisi gani.

Sasa ombi letu. Katiba ya kikundi inatoa mkopo wa biashara wa miezi mitatu, na mfuko wa jamii kwa ugonjwa na misiba. Ada ya masomo haina mahali. Tumesikia hoja ya wenzetu kwamba fedha ya ada haizunguki, na ni hoja ya kweli: vitumbua hulipa leo, shahada hulipa baada ya miaka. Ndiyo maana hatuombi hisa zenu ziguswe. Tunaomba mkutano mkuu utenge sehemu ndogo ya faida iwe mkopo wa masomo, urejeshwe kwa miezi kumi na miwili. Fedha ilipwe moja kwa moja chuoni, mkopaji awe na wadhamini wawili, na asiyemaliza masomo deni lake libaki pale pale. Mkopo huo usiwe wa sheria tu, wala usiwe wetu watatu tu. Uwe wa kila mwanachama na binti yake.

Miaka kumi iliyopita wapo waliosema akina mama hawawezi kutunza sanduku lenye kufuli tatu. Leo sanduku lipo, na funguo zipo. Tunaomba tulifungulie na elimu.

Akina mama, hoyee!