Picha za Zamani za Masasi na Newala

Leo twataka kusema nanyi habari za picha za zamani, hasa picha za njia, masoko na maduka ya miji yetu miwili, Masasi na Newala. Watu wengi wanazo picha hizo, zimelala masandukuni pamoja na vyeti na barua. Siku zikitolewa, watu huzizunguka, na mzee mmoja hushusha pumzi na kusema, “Ah, zamani mji ulikuwa mji!” Je, picha yaweza kutuambia kweli jinsi mji ulivyokuwa? Jibu letu ni kwamba yaweza, lakini kwa sharti moja: awepo mtu wa kuisemea.

Kwanza tukumbushane habari za miji yenyewe. Masasi iko chini ya vilima vikubwa vya mawe, bara ya Lindi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwaleta huko watu waliokuwa watumwa, wakakombolewa na kukaa Unguja, nao wakajenga kijiji. Mwaka 1882 kijiji kile kilishambuliwa na Wangoni, ambao siku zile waliitwa Magwangwara. Na mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, majengo ya misheni yaliteketezwa. Newala nayo iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Wamakonde, zaidi ya mita 700 juu ya bahari. Baada ya shambulio la 1882 misheni ilihamia huko, karibu na Mfalme Matola. Hata Newala haikuachwa kwa amani, kwa maana mwaka 1916 Wareno walivuka mto Ruvuma wakaitwaa, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule Wadachi wakawatoa. Basi miji iliyochomwa na kupiganiwa namna hii haiachi karatasi nyingi. Ndiyo sababu kila picha iliyosalia ni mali kwetu.

Baadhi ya picha za kale za nchi hii zilipigwa mwaka 1906, siku ambazo majivu ya Maji Maji yalikuwa hayajapoa. Alizipiga Mdachi mmoja, jina lake Karl Weule, mtu wa jumba la makumbusho la Leipzig. Alisafiri kutoka Lindi akafika Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta, akiwa na wapagazi Wanyamwezi, na vyombo vya kupigia picha, na chombo cha kunasa sauti, hata na chombo cha picha zinazokwenda. Kitabu chake kilitoka Leipzig mwaka 1908, na tafsiri ya Kiingereza ya Bibi Alice Werner ikatoka London mwaka 1909. Siku zile picha ilipigwa juu ya kioo, na kioo ni kizito tena huvunjika upesi. Kwa hiyo hakuna picha ya Newala ya mwaka ule iliyofika ng’ambo isipokuwa kwanza imeshuka mpaka pwani juu ya kichwa au bega la mtu.

Sasa angalieni maneno yaliyoandikwa chini ya picha za kitabu kile. Wachache wametajwa kwa majina, kama vile wafalme. Lakini wengi hawakuandikiwa jina: huyu ni mwanamke wa Kimakonde, huyu ni kijana wa Kiyao, hawa ni Wamakua, basi. Sura ya mtu imehifadhiwa zaidi ya miaka mia. Jina alilopewa na baba yake halimo. Yamkini wajukuu wa wajukuu wake wanaishi leo karibu na mahali pale aliposimama, nao wakiiona picha ile hawamjui.

Tena kuna jambo la pili. Picha huonyesha kilichokuwa mbele ya kioo, wala haionyeshi kilichokuwa nyuma yake, au chini ya mlima. Chukueni mfano wa picha ya zamani ya Newala. Twaona uwanja mweupe, umefagiliwa, na watu wawili watatu tu. Kijana husema, “Tazama, bibi, mji ulikuwa na utulivu!” Naye bibi hujibu, “Utulivu gani, mjukuu wangu? Sisi tulikuwa majini.”

Neno lile la bibi lina habari nyingi kuliko picha nzima. Uwanda wa Wamakonde hauna mito. Ardhi yake ni ya mchanga. Mvua ikinyesha, maji huzama chini, kisha hutokeza mbali katika chemchemi za miteremkoni na mabondeni. Wazee walikaa juu kwa sababu vichaka vizito vya uwandani viliwaficha na wavamizi, na gharama ya usalama ule ilikuwa maji. Wanawake waliamka jogoo wa kwanza, wakashuka ukingo mkali na mitungi yao, wakangoja zamu chemchemini, wakapanda tena na mzigo kichwani. Mpiga picha alipotokea asubuhi uwanjani, nusu ya mji haikuwapo. Katika miaka ya 1950 ndipo mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kuyapandisha maji kwa mashine kutoka bondeni. Basi yeye atamaniye siku zile kwa kuona uwanja safi, na akaulize kwanza maji ya kunywa yalitoka wapi.

Hatusemi haya ili kuwakataza watu wasizitamani siku za kale. Yako mambo mema yaliyopotea, na picha hutusaidia kuyasadiki. Katika picha za Masasi tulizoonyeshwa na wazee, twaona maduka ya bati yenye baraza ndefu, fundi na cherehani yake, magunia ya korosho yamepangwa, na watu wameketi kivulini wakizungumza bila haraka. Tena iko habari ya reli. Mwaka 1947 Waingereza walianza kilimo kikubwa cha karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya mahali pake, na kwa ajili hiyo reli ikajengwa kutoka pwani ya Mtwara. Baadaye tawi lake likaja upande wa Masasi. Karanga hazikufaulu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, vyuma vikang’olewa. Mwanafunzi wa leo akionyeshwa picha ya gari la moshi la kusini hucheka, akidhani ni ya nchi nyingine. Pasipo picha, na pasipo mzee wa kusema, “Nilipanda mimi mwenyewe,” angesadikije?

Siku moja wanafunzi wetu walileta chuoni picha ya njia ya maduka. Mbele kabisa alisimama mtu mrefu, amevaa kanzu na koti, ameshika baiskeli kwa fahari. Tuliwapelekea wazee wanne. Wote walilijua duka, wawili waliujua mwembe uliokuwa kando yake, na mmoja alikumbuka bei ya chumvi. Lakini yule mtu hakuna aliyemjua. Mzee wa mwisho akatuambia, “Angewaambia fulani, mwenzi wake wa jando, naye tumemzika mwezi uliopita.” Tulirudi kimya. Mwezi mmoja tu ulikuwa kati yetu na jina lile.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, nanyi wanafunzi, twawapa kazi nyepesi. Mwenye picha ya zamani aichukue leo kwa mzee aliye hai, asimwulize tu, “Hapa ni wapi?” Amwulize na haya: Huyu ni nani, mwana wa nani? Alifanya kazi gani? Siku ile nani hakuwapo, na kwa nini? Kisha aandike majibu kwa kalamu ya risasi nyuma ya picha, bila kukandamiza, kwa maana wino hupenya na kuharibu sura. Aandike mahali, mwaka kama wajulikana, na majina kutoka kushoto kwenda kulia. Tena aandike jina la mzee aliyesema. Halafu aitie picha ndani ya bahasha safi, aiweke juu, mbali na jua, moshi na mchwa.

Na wale wanaopiga picha siku hizi kwa simu, nao wasijidanganye. Picha elfu zisizo na majina zitawafumba wajukuu wao vilevile.

Wazee wanaoikumbuka Masasi ya gari la moshi na Newala ya mitungi wamebaki wachache, na baadhi yao wanatusikiliza sasa. Walio karibu nao na wawasogelee na picha mkononi, jioni hii hii, kabla ya taa kuzimwa. Kwaherini.