Ruzuku ya Mbolea Haimpi Kijana Shamba

(Mada iliyotolewa kwa vikundi vya vijana na akina mama katika semina ya siku moja ya kilimo iliyofanyika Tegeta. Imefupishwa kidogo.)



Nimeombwa nieleze kuhusu ruzuku ya Serikali kwa vijana na kwa watu wanaoanza kilimo. Asubuhi mliandika maswali kwenye vikaratasi na nimeyasoma yote. Swali lililojirudia kuliko mengine ni hili: "Hizo pesa zinatoka lini?" Nianze na hilo, maana tukilielewa tutaokoa muda na nauli za kwenda mjini bure. Ruzuku ya kilimo katika nchi yetu, kwa sehemu kubwa, siyo pesa. Ni punguzo la bei ya pembejeo. Serikali inalipa sehemu ya bei, wewe unamalizia iliyobaki. Asiyekuwa na cha kumalizia, au asiyekuwa na shamba la kuiweka mbolea hiyo, ruzuku inampita pembeni.

Wazee hapa wanakumbuka. Zamani mbolea ilikuwa na ruzuku, ikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakati wa mageuzi ya uchumi. Ikarudi mwaka 2003 kwa njia ya kuchangia gharama za usafirishaji. Kisha msimu wa 2008/09 ikaja vocha. Mkulima mdogo wa mahindi au mpunga alipewa vocha za mbegu na mbolea za kutosha kama eka moja, zikibeba karibu nusu ya bei, naye akiongeza nusu ya pili mwenyewe. Kamati ya vocha ya kijiji ndiyo iliyochagua majina. Mpango huo uliendelea hadi msimu wa 2013/14, na uliongeza mavuno kwa watu wengi, tusiubeze. Lakini kulikuwa na mahali ambapo mkulima hakuwa na hiyo nusu ya pili, akaweka sahihi kwenye vocha na kumwachia mwingine kwa fedha kidogo ya kununua chumvi na sabuni. Kwenye vitabu alihesabiwa kuwa amesaidiwa. Na mahali pengine vocha zilifika wakati mahindi yameshafika magotini.

Sasa tuje kwenye ruzuku ya siku hizi. Bei ya mbolea duniani ilipanda sana mwaka 2021, na vita ya Urusi na Ukraine mwaka 2022 ikaipandisha zaidi. Mfuko wa kilo 50 wa Urea au DAP ulivuka shilingi 100,000 sehemu nyingi nchini. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane huko Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea, na Serikali ikatenga shilingi bilioni 150 kwa msimu wa 2022/23. Mfuko wa DAP na wa Urea ukashuka kuwa shilingi 70,000. Tofauti na vocha, safari hii hakuna kamati inayochagua majina. Mkulima anajiandikisha kwenye serikali yake ya kijiji au ya mtaa, anataja ukubwa wa shamba na mazao anayolima, anapewa namba, na kwa namba hiyo anauziwa na wakala. Usimamizi uko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA. Kwa maoni yangu utaratibu huu ni wa haki zaidi kuliko ule wa vocha, kwa sababu haumtaki mtu ajuane na mjumbe wa kamati.

Lakini tazameni lile swali la fomu: ukubwa wa shamba. Kijana wa Tegeta anaandika nini hapo?

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Sisi tunaishi kati ya kiwanda cha saruji cha Wazo na bahari. Miaka ya nyuma Boko, Bunju na Madale kulikuwa na minazi, mikorosho na mihogo. Leo ni nyumba, kuta na mageti. Hata Mabwepande, ambako Serikali iliwahamishia waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011, viwanja vimeshajaa watu. Kijana aliyezaliwa hapa, anayeendesha bodaboda au kuuza vocha za simu pale Kibaoni, hana eka moja ya kuandika kwenye fomu. Akitaka kulima atakodi Bagamoyo, Kiwangwa au mbele zaidi, na atalipa kodi ya shamba, kulimiwa, mbegu, palizi na nauli kabla hajaona jani moja. Kwa eka ya mahindi, mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, kwa bei ile ya 2022, ni shilingi 140,000. Ruzuku ile ya mbolea ilipunguza hapo tu. Hayo mengine yote yalibaki palepale, na mvua ikikataa hakuna anayekurudishia.

Ndiyo maana mpango ulioanza mwaka 2023 ulinivutia zaidi, ule wa Jenga Kesho Iliyo Bora ambao wengi mnaujua kwa herufi BBT. Wakati ule Waziri wa Kilimo alikuwa Ndugu Hussein Bashe, na bajeti ya wizara ilikuwa imeruka kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23. Wazo lenyewe lilikuwa sahihi: kijana anayeanza hahitaji mbolea kwanza, anahitaji ardhi na maji. Serikali isafishe eneo kubwa, ipime udongo, ichimbe visima, igawe vipande na kuwamilikisha vijana kwa muda mrefu bila wao kuruhusiwa kuviuza. Mashamba ya mwanzo yakawa Chinangali na Ndogowe mkoani Dodoma. Walioomba walizidi 20,000. Waliochukuliwa kundi la kwanza ni 812.

Nirudie hizo namba polepole, hasa kwa wale mlioniuliza kama muache kazi mlizo nazo mkasubiri kuitwa. Zaidi ya 20,000 waliomba, wakachukuliwa 812. Na hata hao walimaliza mafunzo yao wakati mashamba yenyewe bado yanatengenezwa. Silaumu, kwani kuchimba visima na kuweka mabomba ya umwagiliaji siyo kazi ya wiki mbili. Ila kijana mwenye mtoto wa kulisha hali ahadi. Omba, jaza fomu nafasi zikitangazwa, lakini usiuze pikipiki.

Tena kupeleka vijana wa Dar es Salaam shambani siyo jambo jipya. Ng'ambo ya Kigamboni kuna kijiji kinaitwa Gezaulole, maana yake kwa Kizaramo ni "jaribu uone". Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilifanywa kijiji cha ujamaa na kupokea watu wasio na kazi kutoka mjini. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, watu wakakamatwa barabarani na kusombwa kwenye malori. Wengi walirudi mjini kabla jembe halijachakaa. Tofauti ya sasa ni kwamba kijana anaomba mwenyewe kwenda. Hiyo ni tofauti kubwa, na wapangaji wasiipoteze kwa kumchelewesha.

Kuna mlango wa tatu, nao uko karibu zaidi na sisi. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 aliyekuwa Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa, aliisimamisha baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na marejesho yasiyorudi. Mwaka 2024 ikarudi kwa utaratibu mpya. Huu siyo msaada, ni mkopo, na unaingia kwenye kikundi, siyo mfukoni mwa mtu mmoja. Akina mama wa kikundi cha kuku mnacheka, mnajua ninachosema: mwanakikundi mmoja akitoroka na fungu lake, waliobaki ndio wanaogongewa milango.

Sasa, kwa anayeanza hapa hapa Tegeta, ushauri wangu ni huu. Aanze na kile ambacho ardhi ndogo inakubali: mchicha, matembele, figili kando ya mabonde, au kuku nyuma ya nyumba. Mchicha unavunwa ndani ya wiki tatu au nne, kwa hiyo ukikosea unajua mapema na hasara yake inabebeka. Mbolea ya kuku iliyooza vizuri inatosha kwa matuta machache. Mfuko wa kilo 50 kwa mwenye matuta sita ni mzigo. Msinunue mbolea inayopimwa kwa kopo sokoni, maana hamjui imechanganywa na nini. Msilimwagilie shamba maji ya mfereji unaopokea maji machafu ya majumbani, hata kama jirani anafanya hivyo. Na kila kitu kiandikwe: mbegu bei gani, maji bei gani, mmeuza mafungu mangapi. Afisa wa mikopo wa halmashauri atauliza hayo kwanza, na kikundi chenye daftari la miezi sita kina la kumwonyesha.

Kikundi kikishakuwa na fedha ya kukodi eka mbili au tatu kwa pamoja huko Kiwangwa, hapo ndipo namba ya ruzuku ya mbolea inakuwa na maana. Mkodishaji awaandikieni mkataba mbele ya serikali ya kijiji, siyo kwa mdomo, kisha mjiandikishe kijijini hapo kabla ya msimu. Msingoje mvua zianze ndipo mmtafute mtendaji. Wakati huo foleni ni ndefu na mawakala wengine wameshaishiwa.

Ndugu Mwenyekiti, maswali matatu kuhusu hati za viwanja sikuyajibu kwa sababu yanahitaji mtu wa ardhi. Vikundi ambavyo havijapata cheti cha usajili vibaki baada ya chakula, tuone kwenye katiba zao kinachopungua.