Aliyetoka gerezani akiomba mikrofoni

Maneno yaliyotolewa katika mkutano wa viongozi wa kambi, familia zilizokimbia vita na vijana wanamuziki.

Najua wengine wameacha ndoo zao kwenye mstari wa maji ili wafike hapa kwa wakati.

Swali mlilotuletea ni hili. Kuna kijana aliyekuwa akiimba rap, akafungwa kwa miaka, sasa ametoka, yuko kambini, na anaomba apewe mikrofoni siku ya vijana. Bloki moja inasema apewe, adhabu yake imekwisha. Bloki nyingine inasema hapana, kuna familia hapa ambazo zikisikia sauti yake hazitalala. Nimezunguka nikisikiliza pande zote mbili, na hakuna aliyesema upuuzi. Kwa hiyo sitakuja na jibu la haraka. Nitawaeleza kwanza habari za watu wengine ambao mambo hayo yaliwapata, halafu turudi kwetu.

Wa kwanza anaitwa McKinley Phipps. Katika muziki jina lake ni Mac. Alizaliwa mwaka 1977 katika mji wa New Orleans, jimbo la Louisiana, kule Marekani. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1990, akiwa bado mtoto wa shule. Baadaye aliingia kampuni ya No Limit ya Master P, ambayo vijana wengi wa wakati ule waliijua, na albamu yake ya mwaka 1998, Shell Shocked, ilisikika nchi nzima.

Mwezi wa pili mwaka 2000 alikuwa na onyesho katika klabu ya mji mdogo wa Slidell. Ugomvi ukatokea, risasi ikalia, kijana wa miaka 19 akafa. Naomba mumweke kijana huyo akilini wakati wote ninapoongea, kwa sababu tukianza kusimulia habari za msanii, marehemu husahaulika upesi sana. Mac alikamatwa. Alikana tangu siku ya kwanza, na mpaka leo anasema si yeye aliyepiga. Mtu mwingine, aliyekuwa mlinzi katika kundi lake, alijitokeza akakiri kwamba yeye ndiye. Wapelelezi hawakumkubali. Mwaka 2001 Mac alihukumiwa miaka 30 kwa kosa la kuua, ingawa hakuwa amewahi kuhukumiwa kwa kosa lolote.

Kule kwao, kesi kubwa huamuliwa na wananchi 12 wanaokaa mahakamani na kusikiliza ushahidi. Katika kesi ya Mac, kumi walisema ana hatia, wawili walisema hapana. Karibu kila mahali Marekani kesi isingekwisha namna hiyo, maana wote 12 lazima wakubaliane. Lakini Louisiana ilikuwa na sheria yake, iliyowekwa katika katiba ya jimbo mwaka 1898 ili sauti za watu weusi wachache walioingia katika mabaraza hayo zisiwe na uzito. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 2020 kwamba hukumu ya namna hiyo inavunja katiba. Mwaka uliofuata ikasema uamuzi huo hauwasaidii wale ambao kesi zao zilikwisha zamani.

Sasa wanamuziki mnisikilize vizuri. Mwendesha mashtaka alileta nyimbo za Mac mahakamani kama ushahidi. Alichukua maneno ya nyimbo mbili tofauti, akayaunganisha, akayasoma kana kwamba ni sentensi moja ya mtu anayejisifu kwamba anaua. Na wimbo mmoja kati ya hiyo ulimzungumzia baba yake, askari aliyepigana vita vya Vietnam! Mtoto anaimba vita vya baba yake, halafu maneno yale yale yanakuwa kamba ya kumfunga yeye. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2022 inayowabana waendesha mashtaka wasilete maneno ya wimbo kortini bila kumwonyesha hakimu kwanza kwamba yana uhusiano wa kweli na kosa lenyewe. Kwa maoni yangu sheria hiyo ilichelewa sana.

Hapa baadhi yenu wanataka kuniuliza: basi maneno ya wimbo hayana hatari? Yana hatari, na sisi wa Maziwa Makuu hatuhitaji mwalimu kutoka mbali wa kutufundisha hilo. Mnamjua Simon Bikindi, mwimbaji wa Rwanda ambaye nyimbo zake zilipigwa redioni mwaka 1994. Mahakama ya Arusha ilimhukumu mwezi wa 12 mwaka 2008, ikampa miaka 15. Wengi wanafikiri alifungwa kwa nyimbo. Sivyo. Majaji walizichunguza nyimbo zake kwa muda mrefu, lakini kosa walilomtia hatiani ni maneno aliyotangaza kwa kipaza sauti barabarani mwezi wa sita 1994, akiwahimiza watu waue Watutsi. Alifia nchini Benin, mwaka 2018.

Ninawaletea habari hizo mbili pamoja kwa sababu kambini tunachanganya. Kijana akiimba kwamba ameona maiti njiani, tunasema anachochea. Mwingine akitaja kabila kwa jina la mnyama, tunacheka kwa sababu mdundo ni mzuri. Ingekuwa vema tufanye kinyume: yule wa kwanza aachwe aimbe, na yule wa pili aketi na wazee kabla hajagusa mikrofoni, awe ametoka gerezani ao hajawahi hata kuuona mlango wake.

Turudi kwa Mac. Mwezi wa pili mwaka 2021 baraza la msamaha la Louisiana lilipendekeza apunguziwe adhabu. Gavana alitia sahihi mwezi wa nne, na tarehe 22 mwezi wa sita alitoka. Alikuwa amekaa ndani miaka 21. Aliingia akiwa na miaka 22.

Muelewe vizuri, hakutangazwa kuwa hana hatia. Alipunguziwa adhabu na kuachiliwa kwa masharti. Mtu wa namna hiyo anaripoti kwa ofisa anayemfuata, na Mac aliwekewa pia saa ya kuwa nyumbani usiku. Sasa fikirini, mwanamuziki wa rap mwenye saa ya kulala! Kazi yake yote hufanyika usiku. Kila onyesho la mbali ni kuomba ruhusa kwanza. Na muziki wenyewe ulikuwa umehama. Alipofungwa, watu walinunua diski dukani. Alipotoka, wanasikiliza kwa simu, na wanaojaza kumbi ni vijana ambao hawakuwa wamezaliwa siku ya hukumu yake. Hakukuta jukwaa linalomngoja. Alianza tena studio pole pole, akizungumza na watu juu ya kesi yake, akiongoza maisha yake ndani ya masharti aliyopewa.

Kilichomwezesha ni nini? Gerezani hakuacha muziki, alipiga katika bendi ya wafungwa. Nje kulikuwa na familia na watu walioendelea kuitaja kesi yake kwa miaka, waandishi wa habari wakarudi kuwahoji mashahidi, na baadhi ya mashahidi wakasema walikuwa wamelazimishwa. Na siku aliyotoka, kila mtu alijua ametoka namna gani, kwa karatasi gani, akiwa na masharti gani. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo kubwa kwetu hapa.

Maana kwetu watu wengi wanatoka bila karatasi. Mwezi wa kumi 2020 gereza la Kangbayi huko Beni lilishambuliwa, na zaidi ya wafungwa 1,300 wakatoka usiku mmoja. Mwezi wa kwanza 2025, Goma ilipotekwa, gereza la Munzenze lilivunjwa, maelfu wakatoka, na wanawake waliokuwa ndani walipata mateso ambayo sitayasimulia mbele ya watoto. Walitoka wenye makosa makubwa. Walitoka pia watu ambao hawakuwahi kufika mbele ya hakimu, maana katika magereza yetu walio wengi wanangoja hukumu. Wakifika kambini wote wanaitwa jina moja, “mutu wa buloko”, na majirani wanafunga milango.

Kati ya waliotoka Munzenze alikuwa Delcat Idengo, ambaye ninyi vijana mnamjua kuliko mimi. Alikuwa ameingia na kutoka gerezani mara kadhaa kwa ajili ya nyimbo zake za Kiswahili. Tarehe 13 mwezi wa pili 2025, wiki mbili na siku chache baada ya gereza kufunguka, alipigwa risasi hapo Goma akiwa anatengeneza klipu ya wimbo mpya. Upende nyimbo zake ao usizipende, huyo alirudi kazini katika mji usiokuwa na mahakama wala mtu wa kumlinda. Tukimwita kijana wetu jukwaani, tujiulize tunamweka mbele ya macho ya nani.

Kwa hiyo nasema kabla ya mikrofoni, aulizwe karatasi. Shefu wa bloki si polisi wala si parke, hana haki ya kumshika mtu. Lakini ana haki ya kuuliza kwa heshima: ulimaliza kifungo? Uliachiliwa kwa masharti? Sheria yetu ya jinai inaruhusu mtu aachiliwe kwa masharti akiisha kumaliza robo ya kifungo chake, ikiwa amekaa ndani zaidi ya miezi mitatu. Hiyo ni haki, si rushwa, na mtu aliyetoka namna hiyo asitendewe kama mtoro. Asiye na karatasi asaidiwe kupata avoka, faili lake litafutwe. Kumwacha aishi akijificha nyuma ya mahema ni hatari kwake na kwetu.

Halafu kuna walioumizwa. Hapa nitawapa mfano wa rapa mwingine, Shyne, mzaliwa wa Belize. Mwaka 1999 watu watatu walijeruhiwa kwa risasi katika klabu moja ya New York, naye akapewa miaka 10. Mwaka 2004, akiwa bado ndani, albamu yake ilitoka. Mahakama ikazuia pesa zake, ili waliojeruhiwa wapate nafasi ya kudai fungu lao. Wako wapenzi wa muziki waliona huo ni ukatili. Mimi naona ni sawa kabisa. Kama jina la mtu linaleta pesa, na jina hilo limechanganyika na jeraha la mwenzake, mwenye jeraha asikilizwe kwanza. Shyne aliachiliwa mwaka 2009, akarudishwa Belize. Muziki wake haukupata tena nguvu ya zamani, na mwaka 2020 wananchi wa Belize walimchagua kuingia bungeni.

Kambini hatuna mamilioni ya kuzuia. Lakini tuna mama ambaye mtoto wake aliumizwa, na hema lake liko mita hamsini kutoka uwanja wa mpira. Je, kuna mtu aliyekwenda kumuuliza? Msiende na kijana mwenyewe mara ya kwanza, na msiende na wanaume watano. Aende mama mmoja anayeaminika, asikilize, asiombe msamaha kwa niaba ya mtu. Kama mama huyo akisema “asiimbe mbele yangu”, basi inawezekana kijana akaanza mahali pengine: kuwafundisha watoto kupiga ngoma, kubeba vyombo vya sauti, kurekodi nyimbo kwa simu na kuwapa wazee wazisikilize kwanza. Miezi sita ya kazi hiyo itawaonyesha mengi kuliko saa moja ya jukwaa. Na kama akisema “aimbe, nataka nisikie atasema nini”, itabidi kijana ajiandae kwa siku hiyo kuliko onyesho lolote alilowahi kufanya.

Na wewe kijana, najua umekaa hapo nyuma na sitakutaja jina. Usiwadai watu makofi. Usiimbe gereza kana kwamba ni chuo kikuu ulichopata diploma. Wadogo zako wanakusikiliza. Imba ulichokiona huko, njaa, kesi zisizoitwa, wenzako waliokufa bila hukumu. Watu hapa watakuelewa, kwa sababu nao wanajua maana ya kungoja bila kuambiwa mwisho ni lini.

Sasa tugawanyike. Mashefu wa bloki wabaki hapa mbele, tuzungumze habari za karatasi na avoka. Vijana waende chini ya mti na mwenzangu, wabebe kalamu. Mama wanaotaka kusema jambo bila wanaume kusikia, kuna chumba cha shule kimefunguliwa upande wa kushoto, na dada wawili wanawangoja. Tunakutana tena saa nane.