HOTUBA: Ruta Isiyokufa Stima Ikipotea



Katika nyumba nyingi kuna kisanduku chenye taa ndogo karibu na televisheni. Hicho ni ruta. Masomo ya watoto, kazi za ofisi na maombi ya huduma za eCitizen hupitia humo.

Ruta ni kompyuta ndogo. Programu yake huhitaji kusasishwa ili mianya ya usalama izibwe. Mtengenezaji akiacha kutoa masasisho, mwenye nyumba hubaki na mlango usio na komeo. Kifaa bado kinafanya kazi, lakini si salama, na mwisho wake ni jalalani.

Mwaka wa 2003 wataalamu waligundua kwamba ruta ya Linksys WRT54G ilitumia Linux. Leseni ya Linux humtaka anayeisambaza atoe pia msimbo wake. Msimbo ulipotolewa, ukazaliwa mradi wa OpenWrt mwaka wa 2004, unaotoa programu huru ya ruta. Lakini kwa miaka 20 programu hiyo ilitegemea vifaa vilivyobuniwa na wengine. Mnamo Novemba 2024, mradi huo na shirika la Software Freedom Conservancy la Marekani walitoa ruta yao wenyewe, OpenWrt One, inayotengenezwa na Banana Pi.

Ubunifu wake una funzo. Stima ikipotea katikati ya kusasisha, ruta inaweza kufa kabisa. Hii ina hifadhi mbili tofauti. Moja hubeba programu ya kila siku. Nyingine hubeba programu ya uokoaji isiyoguswa na masasisho ya kawaida. Mambo yakiharibika, mtumiaji husogeza swichi, huwasha kifaa kwa hifadhi ya pili na kuanza upya. Tundu la USB-C humwezesha fundi kuunganisha kompyuta yake na kuona kosa liko wapi. Ilipotangazwa, bei yake ilikuwa dola 89, na dola 10 za kila mauzo ziliwekwa kando kuendeleza mradi.

Ubunifu wa aina hii si mgeni Kenya. BRCK, ruta yenye betri ya kuhimili kukatika kwa stima, ilibuniwa Nairobi na kutangazwa mwaka wa 2013. Vijana wa vyuo vyetu vya kiufundi wanaweza kujifunza kutoka kwa zote mbili.

Kwa wakazi, mambo ni matatu. Kwanza, badilisheni nywila iliyokuja na ruta. Pili, kabla ya kuweka programu nyingine, someni mkataba: huenda ruta ni mali ya kampuni ya intaneti. Tatu, kabla ya kuagiza kifaa kutoka nje, hakikisheni kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Anayenunua ruta leo amuulize muuzaji swali moja: masasisho yatatoka hadi lini? Kifaa kisichoweza kutengenezwa ni mzigo, hata kikiwa cha bei rahisi.