Kuhamisha Betri ya Motokaa ya Mashindano

Aliye na karatasi ya somo na aishike, tusome pamoja.

Ukifungua boneti ya motokaa nyingi utaiona betri karibu na injini. Lakini mafundi wa motokaa za mashindano mara nyingi huitoa pale wakaiweka nyuma, ndani ya buti. Kwa nini wajisumbue?

Kwanza ni uzito. Tufanye hesabu. Motokaa ina kilo 1,000. Magurudumu ya mbele yamebeba 600, ya nyuma 400. Betri ina kilo 15. Ukiihamisha kutoka juu ya ekseli ya mbele mpaka juu ya ekseli ya nyuma, mbele zitabaki 585, nyuma zitakuwa 415. Tofauti ilikuwa 200, sasa ni 170. Si nyingi, lakini dereva wa mbio hufurahia hata hizo akifika kwenye kona. Tena hupatikana nafasi mbele, na betri huepukana na joto. Mini, ile motokaa ndogo ya Uingereza iliyotoka mwaka 1959, ilitoka kiwandani betri ikiwa ndani ya buti. Mini Cooper ilishinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967.

Haya, sasa sikiliza vizuri. Kuhamisha betri ni kazi ndogo. Kazi yenyewe ni waya.

Waya mkubwa utatoka kwenye buti mpaka kwenye starta, pengine mita 4 na nusu. Starta yaweza kuvuta ampea 200. Waya wa shaba wa milimita mraba 16 utapoteza njiani karibu volti 1 katika zile 12, na injini itazunguka kwa uvivu. Wa milimita mraba 50 hupoteza kama thuluthi moja ya volti. Usichague waya kwa bei, bwana!

Waya huo hupita chini ya zulia, kando ya viti, na kupenya matundu ya bati. Bodi nzima imeungwa na upande wa betri wenye alama ya kutoa. Ngozi ya waya ikikatwa na bati kali, umeme wa betri hukimbilia hapo, waya huwa mwekundu, na zulia huwaka dereva akiwa ndani. Kuzima kwa ufunguo hakusaidii, kwani ufunguo haukati waya huo.

Kwa hiyo fyuzi kubwa huwekwa shibiri moja au mbili tu kutoka kwenye betri. Nimewaona watu wakiiweka mbele karibu na starta. Hapo waya wote ulio nyuma yake hauna mlinzi. Kila tundu la bati litiwe raba.

Betri ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Iweke katika sanduku lililofunikwa, lenye mpira wa kutolea gesi nje ya gari, nalo likazwe kwa bolti, si kwa kamba.

Ukianza kazi, fungua kwanza upande wa kutoa. Ukimaliza, ufunge mwisho. Ukianza na upande wa kujumlisha, spana ikagusa bodi, utaona cheche kubwa.

Kabla ya somo lijalo, mwombe mwenye gari akuonyeshe betri yake. Andika daftarini: iko wapi, na waya wake mkubwa unapita wapi?