Pensheni Isipotee Njiani: Hati, Kodi na Benki kwa Mstaafu Mwenye Makazi Nchi Mbili

Mada iliyowasilishwa kwa wastaafu wa Kihonda, Manispaa ya Morogoro

 

 Sisi tuliosimama mbele yenu kwa umri ni watoto wenu, na hatukuja kuwafundisha maisha. Tumekuja kuwaeleza taratibu chache ambazo, zisipojulikana mapema, huwagharimu wastaafu fedha walizozitolea jasho miaka thelathini au arobaini.

Kihonda ni mahali ambapo watu wengi walinunua kiwanja wakiwa bado kazini, wakajenga chumba baada ya chumba, kisha wakahamia walipostaafu. Miongoni mwenu wapo waliofanya kazi Uingereza, Sweden, Marekani au Oman, ambao sasa wamerudi kukaa barazani wakiitazama milima ya Uluguru. Wapo pia waliostaafu utumishi hapa nyumbani, na watoto wao walioko ng'ambo wanawaita wakakae nao na kuwaona wajukuu. Mmoja anarudi, mwingine anaondoka. Lakini maswali yao ni yale yale matatu. Ninaishi hapa kwa hati gani? Kodi yangu nailipa wapi? Fedha zangu zinanifikiaje?

Tuanze na kisa kimoja, kwa ridhaa ya mhusika na bila kumtaja jina. Mama mmoja alifanya kazi ya uuguzi nje ya nchi kwa miaka mingi. Aliporudi aliendelea kupokea pensheni ya nchi ile kupitia benki. Siku moja fedha hazikuingia. Mwezi wa pili hazikuingia, wa tatu pia. Alimshuku kijana wake aliyekuwa akimsaidia kwenda benki, na nyumba ikakosa amani. Baada ya miezi saba ikabainika kwamba hakuna aliyeiba. Fomu ya kuthibitisha kwamba bado yu hai ilikuwa imetumwa kwa sanduku la posta la mwajiri wa zamani wa ndugu yake, ambalo halikuwa likifunguliwa tena. Fedha zake alilipwa zote hatimaye. Lakini kwa miezi saba alikuwa amenunua dawa kwa mkopo, na kumwomba radhi mwanawe kulimtia uchungu kuliko deni lenyewe.

Kisa hiki ndicho kilichotuleta hapa. Hasara nyingi za wastaafu huanzia kwenye karatasi ambayo haikumfikia mwenyewe, wala hahusiki mwizi.

Kwanza: hati ya kuishi

Kwa mstaafu anayekwenda kwa watoto, jambo la kwanza kufahamu ni kwamba viza ya matembezi si ruhusa ya kuhamia. Viza ya kawaida ya mgeni nchini Uingereza humruhusu mtu kukaa hadi miezi 6. Katika nchi za Ulaya zilizo kwenye eneo la Schengen, mgeni huruhusiwa siku 90 katika kila kipindi cha siku 180, na siku hizo hujumlishwa kwa nchi zote za eneo hilo. Mtu aliyekaa siku 60 Sweden kwa binti yake hawezi kuanza kuhesabu upya kwa kuvuka kwenda Ujerumani kwa kijana wake. Kuzidisha muda, hata kwa sababu njema kama mjukuu kuzaliwa, huingia kwenye kumbukumbu na kunaweza kuzuia viza ijayo.

Afya nayo itazamwe kabla ya safari. Viza ya Schengen hudai bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Kadi ya bima ya afya mnayoitumia hapa Morogoro haitalipa hospitali ya London wala Stockholm. Mzee mwenye shinikizo la damu au kisukari amweleze wazi mtoaji wa bima hali yake, kwa kuwa ugonjwa uliofichwa ndio unaotumika baadaye kukataa madai.

Kwa aliyerudi, swali ni uraia. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari amepoteza wa Tanzania, hata kama alizaliwa Matombo na anazungumza Kiluguru kuliko sisi sote tuliomo humu. Huyo huingia nchini kwa viza, na akitaka kukaa anahitaji kibali cha ukaazi kutoka Idara ya Uhamiaji.

Jambo hili linagusa kiwanja. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, asiye raia hamiliki ardhi kama raia anavyomiliki. Hupewa kwa ajili ya uwekezaji kwa utaratibu maalumu. Tunajua wapo waliobadili uraia huku hati ya kiwanja ikibaki kwa jina lao, na wapo walioandikisha kwa jina la ndugu wakitegemea imani tu. Msingoje mgogoro. Mwoneni wakili na ofisi ya ardhi mapema, na mwulizeni Uhamiaji kuhusu utaratibu wa hadhi maalumu kwa raia wa kigeni wenye asili ya Tanzania. Hadhi hiyo huombwa, haiji yenyewe, na si uraia.

Pili: kodi

Wengi hudhani kodi hufuata pasipoti. Kwa Tanzania, kodi ya mapato hutazama ukaazi. Sheria ya Kodi ya Mapato humhesabu mtu kuwa mkaazi kwa mwaka husika ikiwa amekuwepo nchini siku 183 au zaidi katika mwaka huo. Humhesabu pia kuwa mkaazi ikiwa ana makazi ya kudumu nchini na amekuwepo nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka. Njia ya tatu ni kuwepo kwa wastani wa zaidi ya siku 122 katika mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia.

Tafakarini kipengele kile cha makazi ya kudumu. Mzee anayeishi na binti yake Sweden miezi kumi, lakini ana nyumba yake Kihonda na huja Desemba kula sikukuu, anaweza kuhesabiwa mkaazi wa Tanzania kikodi. Na Sweden nayo inaweza kumhesabu mkaazi wake. Mkaazi wa Tanzania hutozwa kwa mapato ya dunia nzima, si ya hapa pekee.

Ndiyo maana ipo mikataba ya kuzuia kodi kutozwa mara mbili. Tanzania ina mikataba ya aina hiyo na nchi chache, miongoni mwao Sweden, Norway, Denmark, Finland, Italia, Canada, India, Afrika Kusini na Zambia. Uingereza na Marekani hazimo. Mstaafu aliyetoka nchi isiyo na mkataba hakuachwa mikono mitupu: sheria yetu inamruhusu mkaazi kuomba kodi aliyolipa nje izingatiwe anapokadiriwa hapa, mradi awe na uthibitisho. Kwa hiyo kila stakabadhi ya kodi iliyokatwa ng'ambo itunzwe. Na swali lako kuhusu pensheni yako liulize kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, kwa barua, upate jibu kwa barua. Jibu la mdomo la dirishani halitakusaidia miaka mitatu baadaye.

Aliye raia wa Marekani akumbuke kwamba nchi hiyo humdai raia wake taarifa ya kodi popote anapoishi. Zaidi ya hayo, akaunti zake za nje zikifikia jumla ya zaidi ya dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, anapaswa kuziripoti.

Kwa aliyefanya kazi Uingereza kuna jambo la kupimwa kabla ya kufunga mizigo. Pensheni ya serikali ya nchi hiyo hulipwa hata kwa anayeishi Tanzania, lakini nyongeza ya kila mwaka haitolewi huku. Kiwango utakachoanza nacho ukiwa huku ndicho utakachoendelea kupokea, hata bei ya mchele ipande mara ngapi. Anayepanga kuishi Kihonda miaka ishirini apige hesabu yake kwa kiwango hicho kisichopanda.

Tatu: benki

Fedha zinapotoka nje hukatwa mara mbili: ada ya kutuma na tofauti ya kiwango cha kubadilisha fedha. Ada huonekana, tofauti ya kiwango hujificha. Tuchukue mfano. Mstaafu anapokea pauni 500 kwa mwezi. Benki moja inamlipa shilingi 3,300 kwa pauni, nyingine 3,380. Tofauti ya shilingi 80 ni shilingi 40,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 480,000 kwa mwaka. Ulizeni kiwango cha siku hiyo katika benki mbili au tatu kabla ya kuchagua. Ipo pia akaunti ya fedha za kigeni, inayomwezesha mtu kupokea kwanza na kubadilisha anapohitaji. Lakini kwa matumizi ya humu nchini, Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni. Anayekudai kodi ya nyumba kwa dola anakiuka kanuni hizo.

Kwa mliopokea mkupuo wa mafao, Bodi ya Bima ya Amana humlinda mweka amana hadi shilingi 7,500,000 katika benki moja iwapo benki hiyo itafilisika. Hatusemi benki zetu zinayumba. Tunasema aliyeweka shilingi milioni 60 mahali pamoja ajue ni kiasi gani kina kinga na kiasi gani hakina.

Uhakiki ndio mlango ambao mama yule aliukuta umefungwa. PSSSF na mifuko ya nje huhitaji kuthibitishiwa kwamba mstaafu yu hai. Mwanachama wa PSSSF aliyeko mbali aulize namna ya kujihakiki kwa simu janja kabla hajasafiri, ajaribu akiwa bado hapa. Anayepokea kutoka nje awe na S.L.P. inayofunguliwa, na kila anapohama atoe taarifa kwa mfuko, kwa benki na kwa posta.

Na sasa jambo gumu kulitamka mbele ya wazee. Mzazi anasafiri, anamwachia mpwa kadi ya benki na namba ya siri. Anasema: huyu ni damu yangu. Tunaheshimu damu. Lakini namba ya siri ikitolewa kwa hiari, ni vigumu sana kudai benki irudishe kilichochukuliwa. Njia salama ni hati ya uwakilishi iliyoandaliwa na wakili, inayotaja wazi afanye nini na asifanye nini, kwa muda gani. Ukiwa ng'ambo tayari, ubalozi wetu utakuelekeza namna ya kuithibitisha. Hati hiyo humlinda mzee, na humlinda kijana pia asije akasingiziwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Matapeli nao wanajua siku mnazolipwa. Hupiga simu wakijitambulisha kuwa ni maofisa wa mfuko, wakidai ada ya kufungulia mafao yaliyokwama, au hutuma ule ujumbe maarufu: ile pesa tuma kwenye namba hii. Hakuna mfuko unaodai ada kwa simu ya mtu binafsi ili kukulipa haki yako. Tumeni namba ya tapeli kwenda 15040, na pigeni *106# kuona kama laini usiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Benki ikikukosea, anza kulalamika kwa maandishi kwenye benki yenyewe, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika, peleka lalamiko Benki Kuu ya Tanzania. Bila ile nakala ya kwanza, safari ya pili huwa ndefu.

Bahasha moja

Tunaomba kila mmoja wenu akifika nyumbani leo atafute bahasha kubwa. Aweke humo nakala ya pasipoti na kibali, namba ya pensheni, majina ya benki zake, stakabadhi za kodi, anwani ya posta inayotumika, tarehe ya uhakiki ujao na jina la wakili. Namba ya siri isiwemo. Kisha amwambie mtu mmoja anayemwamini bahasha iko wapi.

Mama tuliyemtaja anayo bahasha yake sasa, ndani ya kabati la vyombo. Tarehe ya uhakiki ameiandika kwa kalamu nyekundu juu yake, na kijana wake ndiye anayemkumbusha.

 Tupo tayari kupokea maswali.